Vihamba vinaliwa na nyumba za Desemba: nimepanda Uru mwezi wa tano, nimeona aibu

#1 Kisiki cha Uru (mleta uzi)

Wakuu, heshima kwenu.

Uzi ni mrefu. Mwenye haraka apite tu, hatutagombana.

Mimi ni mtu wa Uru, Moshi Vijijini, nipo Dar mwaka wa 19 sasa. Nyumbani huwa naenda kama mnavyokwenda nyote: tarehe 22 mwezi wa kumi na mbili nimo kwenye foleni, tarehe 2 nashuka. Siku kumi. Siku hizo kijiji kizima kina taa, kina muziki, kila uwanja kuna mbuzi anayesubiri siku yake, kila geti lina gari mbili. Kwa hiyo kichwani mwangu nyumbani ndivyo palivyo.

Mwaka huu mama aliteleza kwenye tope akavunjika mguu, ikabidi nipande mwezi wa tano, nikakaa wiki tatu. Jioni ya kwanza nilitoka kwenda dukani kwa ajili ya vocha, kiza kikanikuta njiani. Nikasema umeme umekatika. Haukukatika. Nyumba zipo, mageti yapo, bati za rangi zipo, watu ndio hawapo. Kesho yake nikahesabu, maana mimi ni mtu wa hesabu. Kutoka lami hadi kwetu, mwendo wa dakika 20 kwa mguu, nyumba za kisasa 34. Zilizowaka taa usiku huo, 9. Katika hizo 9, nne analala mlinzi tu.

Nyumba tupu peke yake isingenitoa machozi. Mwenye hela yake ajenge, ifunge, ufunguo aumeze. Shida ni mahali iliposimama. Kila moja imekalia kihamba.

Kwa wasio wa huko: kihamba si shamba la kawaida. Ni eneo la ukoo kwenye mteremko wa Kilimanjaro, pale katikati, si tambarare wala msituni. Juu kabisa kuna mringaringa na mfuruanje zinatoa kivuli, chini yake migomba, chini ya migomba kahawa, chini ya kahawa magimbi, maharage na viazi vikuu. Ng'ombe yumo bandani hatoki, analetewa majani na maganda ya ndizi, samadi yake inarudi kwenye migomba. Maji yanashuka kwa mfongo, yaani mfereji, uliochimbwa na wazee kabla Mjerumani hajafika. Mpaka ni mimea ya masale, si nguzo ya zege. Na babu zako wamelala humo humo. Kitu kile kimelisha watu kizazi kwa kizazi bila mbolea ya dukani.

Sasa hesabu ya kwetu. Babu alikuwa na eka nne. Watoto wa kiume watano, kila mmoja akapata kama eka 0.8, yaani mita za mraba 3,200 hivi. Baba ametuzaa wanaume watatu. Gawanya: mita za mraba 1,070 kila mmoja, na hapo dada zetu hatujawagawia kitu (nitarudi kwenye hilo, msianze). Kuna makala ya kitaaluma ya mwaka 1984 iliyoweka wastani wa kihamba kuwa hekta 0.68 kwa kaya. Mimi leo nina hekta 0.1. Ni kizazi kimoja na nusu tu hapo.

Na kwenye hiyo 0.1 nikataka kujenga.

Ndiyo, aibu yenyewe ndiyo hiyo. Ramani nilichorewa Dar na kijana ambaye hajawahi kuvuka Wami. Nyumba mita 15 kwa 14. Njia ya gari kutoka barabarani. Sehemu ya kugeuzia gari, maana shemeji yangu hawezi kurudi nyuma. Shimo la maji taka. Nafasi ya kuweka turubai siku ya ubarikio wa mtoto. Ukijumlisha vyote ni karibu nusu ya fungu langu. Mwaka jana nikatuma hela, mafundi wakasafisha, wakachimba msingi, hela ikaisha tukasimama hapo.

Mwezi wa tano nikaenda kuuona. Visiki vya migomba nikavihesabu: 47. Kahawa sikuhesabu, walizing'oa na mizizi wakachomea matofali.

Jioni ile mdogo wangu akarudi kutoka sokoni na mkungu wa mchare kwenye bodaboda. Nikauliza, tuna msiba? Mama akacheka. "Ni ndizi za kula, mwanangu. Za kwetu hazitoshi tena." Mama yangu. Mchaga wa Uru, mwenye miaka 71. Ananunua ndizi.

Nawasilisha.

---

#2 Bati la Msauzi

Siti ya mbele. Huu uzi utachimbika.

---

#3 Slabu ya Machame

Mkuu Kisiki, umeandika vizuri, lakini nikuulize. Ulitaka tukajenge wapi? Juu hakuna njia. Msitu wote, pamoja na ule ukanda wa nusu maili wa wananchi, ulimezwa na hifadhi ya taifa mwaka 2005. Bibi akiokota kuni anakimbizwa na askari. Chini ni vumbi, na kiwanja Boma Ng'ombe leo bei yake unaijua. Kaburi la baba liko kihambani. Mila inasema nyumba yangu iwe kihambani. Nikijenga tambarare, siku nikifa mtanizika wapi, kwenye mahindi?

Halafu hiki kihamba mnachokililia acheni kukiimba kama wimbo. Baba yangu alisomesha watoto sita kwa kahawa, ni kweli. KNCU, chama chetu cha ushirika wa kahawa, ilikuwa KNCU. Lakini mwaka 1989 mkataba wa kahawa wa dunia uliposambaratika bei ilianguka, na ugonjwa wa chulebuni ukamalizia kilichobaki. Unapulizia dawa kwa mkopo, unauza kilo kwa bei isiyofikia dawa. Mzee aling'oa kimya kimya, mbuni mmoja mmoja, maana enzi hizo kung'oa kahawa ilikuwa kesi. Alilia siku ile. Mimi nilikuwa darasa la tano, nikaapa sitashika panga la kupogolea mbuni maishani.

Sasa nimepata vijisenti vyangu Kariakoo, nimejenga vyumba vitano, kigae mpaka barazani. Mama amelala pasipovuja mara ya kwanza tangu azaliwe. Mnataka nimwambie nini, kwamba mgomba ulikuwa bora?

---

#4 Kisiki cha Uru

Mangi, hoja yako nzito na sikudharau. Mama kulala pakavu ni haki yake, hilo hatulijadili. Swali langu: mama anatumia vyumba vingapi kati ya vitano?

---

#5 Slabu ya Machame

Kimoja. Na jikoni ya nje ya kuni, ile ya ndani anasema ina baridi.

Nakuona ulikokuwa unanipeleka.

---

#6 Bati la Msauzi

😂😂 Mangi kanaswa.

---

#7 Mama Kiburu

Jamani na sisi tunaoishi huku mwaka mzima tuongee kidogo.

Mimi naangalia nyumba tatu za watu wa Dar na moja ya mtu wa Marekani. Kufagia, kufungua madirisha jumamosi, kuwasha taa ya nje. Nalipwa kidogo, silalamiki. Nyumba mojawapo ina uwanja mkubwa mbele, zamani palikuwa na migomba ya kitarasa ya marehemu mama mkwe wao. Siku hizi pamepandwa ukoka. Ule wa kununua, ulikuja kwenye gari umeviringishwa kama mkeka.

Kiangazi kikianza napigiwa simu: "Dada, ukoka usikauke, fungulia mfereji." Mfongo wetu una zamu. Kila kaya ina siku yake na masaa yake, wanaume wanapanda juu kuzibua kwenye banio, asiyekwenda anatozwa faini. Kwa hiyo mimi natumia zamu ya maji kumwagilia nyasi ambazo hata mbuzi haruhusiwi kuzigusa, halafu magimbi yangu mita kumi kutoka hapo yananyauka kwa sababu zamu yangu ni alhamisi.

Mwaka juzi nilimwomba mwenye nyumba nipande maharage pembeni ya ukuta, eneo la miguu kama thelathini hivi. Akasema yataharibu muonekano. Sikubishana naye. Desemba alipokuja akaniuliza kama nina maharage mabichi ya kwenda nayo mjini, ya dukani hayana ladha.

---

#8 Kisiki cha Uru

Mama Kiburu, umenimaliza.

---

#9 Fundi Bikoni

Naomba niongee kitaalamu kidogo, kazi yangu ni upimaji, nimepima sana mikoa ya kaskazini.

Mnazungumzia mteremkoni tu kwa sababu mna hisia napo. Ardhi inayokwenda kwa kasi zaidi ni ya chini: mashamba ya mahindi na alizeti kuzunguka Moshi, Himo, Njia Panda, Boma Ng'ombe. Huko hakuna kaburi la babu wa kumzuia mtu. Utaratibu uko hivi. Mzee ana eka mbili. Mahindi yamegoma misimu miwili kwa ukame. Anakuja dalali, anamwambia eka moja inatoa viwanja vya ishirini kwa ishirini. Eka ni mita za mraba 4,047, kiwanja ni 400, mzee anapiga hesabu ya viwanja kumi. Hawamwambii kwamba barabara ikitengwa vinabaki saba au nane, kwa hiyo barabara ndiyo inayopunjwa. Ndiyo maana unakuta mtaa mzima gari ya zimamoto haiingii.

Mauziano yanaandikwa kwenye karatasi ya mstari, mashahidi wawili, mwenyekiti wa kitongoji anagonga muhuri na kuchukua chake. Kama bado ni ardhi ya kijiji, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inataka Halmashauri ya Kijiji iridhie, si mwenyekiti peke yake na kalamu yake. Wengi wenu mnaojivunia hati za mauziano mna karatasi ya kufungia vitumbua.

Halafu kuna kijiji kutangazwa eneo la mipango miji. Pakishachorwa makazi kwenye ramani, shamba lako linaitwa kiwanja hata kama mahindi yamesimama. Bei inapanda, watoto wanaanza kumwangalia mzee kwa jicho lingine.

Kisheria kijiji kinaweza kujiwekea mpango wa matumizi ya ardhi: hapa makazi, hapa kilimo, hapa malisho. Ipo Sheria ya Mipango ya Matumizi ya Ardhi ya 2007. Nimeona mipango mizuri, imechorwa kwa rangi, imebandikwa ukutani ofisi ya kijiji, na mjumbe aliyeipitisha anauza kwenye rangi ya kijani.

---

#10 Jaruba la Kati

Fundi umenigusa. Mimi ni mkulima wa mpunga Mabogini. Skimu yetu ya Lower Moshi ilijengwa kwa msaada wa Wajapani, ikakamilika mwaka 1987. Mifereji ya zege, majaruba yamesawazishwa, maji ya mto Rau na Njoro yanaingia kwa kufunguliwa. Mzee wangu alivuna mara mbili kwa mwaka, watu walikuja kutoka mikoa mingine kushangaa.

Sasa ona vichekesho. Jaruba ni ardhi ya thamani kubwa kwa sababu imesawazishwa na ina maji. Mjenzi anapenda jaruba kwa sababu imesawazishwa. Ya maji anasema atayashughulikia. Analeta kifusi malori sita, ananyanyua msingi, anahamia. Masika maji yanatafuta njia yao ya zamani, hayaioni, yanaingia kwa jirani. Jirani naye analeta kifusi. Yule wa tatu, ambaye bado analima, ndiye anakuwa bwawa. Msimu uliopita mimi nilikuwa huyo wa tatu.

Wenzangu wawili mpakani wameshauza. Mmoja aliniambia, "Kaka, mpunga unalima miezi minne unapigana na ndege, kiwanja nauza asubuhi mchana nina hela." Nilikosa jibu. Hela hiyo alinunua bodaboda mbili. Moja imeibiwa.

---

#11 Nshomile 77

Wachaga leo mmekuja kulia kwenye jamvi letu, karibuni. Sisi Wahaya tuna kibanja, ndugu mmoja na kihamba chenu, migomba na mibuni na makaburi ndani. Matatizo yale yale.

Kisiki umesema utarudi kwenye suala la dada zako, hujarudi. Nikusaidie. Mwaka 1988 mwanamke mmoja wa kwetu, Holaria Pastory, aliuza shamba la ukoo alilorithi kwa baba yake, kwa shilingi 300,000. Mpwa wake Bernardo Ephrahim akaenda mahakamani: mila ya Kihaya haimruhusu mwanamke kuuza ardhi ya ukoo. Ikafika Mahakama Kuu Mwanza, na mwaka 1990 Jaji Mwalusanya akasema mila hiyo ni ya kibaguzi, mwanamke ana haki sawa na mwanaume. Akaongeza kwamba mpwa akitaka ardhi irudi, na alipe hizo 300,000 ndani ya miezi sita.

Nimeileta hii kwa sababu kila ardhi ya ukoo inapozungumzwa wanaume tunajifanya walinzi. Tunasema dada asipewe, ataolewa, ardhi itapotea. Haya, hakupewa. Sasa iko wapi? Imelaliwa na kigae cha kaka yake anayelala Mbezi.

---

#12 Kisiki cha Uru

Nshomile, nakubali kipigo. Kwetu dada ni wawili. Mkubwa ndiye anayemuuguza mama, anaishi umbali wa kilomita mbili, na ng'ombe aliye bandani ni wake. Hana hata mgomba mmoja wenye jina lake. Sisi watatu wenye majina hakuna hata mmoja anayejua ng'ombe anakamuliwa saa ngapi.

---

#13 Desemba Ni Yangu

Mbona mnaumizana hivi? Uchumi unabadilika. Dunia nzima watu wanatoka shambani. Uzeni vihamba, jengeni nyumba za wageni, watalii wanapita hapo kila siku kwenda mlimani. Ndizi zitatoka Kagera na Mbeya, kuna lori.

---

#14 Mama Kiburu

Hilo lori mwaka huu mwezi wa nne lilikwama siku tatu, barabara imekatika. Tulikula ugali na chumvi, mbele ya geti la ukoka.

---

#15 Mtwana wa Ng'ambo

Nawasoma nikiwa Unguja. Huku kwetu kuna mashamba ya eka tatu, yaligawiwa wananchi baada ya Mapinduzi ya 1964. Mtu alipewa alime. Kuuza hairuhusiwi mpaka kesho, ardhi ni ya serikali. Lakini pita Mwera, pita Fuoni, pita Tunguu, uniambie minazi iko wapi na mikarafuu iko wapi. Mtu haandiki kwamba kauza ardhi, anaandika kauza mazao yaliyo juu yake. Unanunua minazi minne, unapewa na udongo ulioisimamisha, wiki ya pili minazi unaikata.

Kisiwa hakina pa kuongezea. Mwaka 2012 Zanzibar nzima tulihesabiwa milioni 1.3, mwaka 2022 karibu milioni 1.9. Basi sisi angalau tuna kisingizio cha kuzaana. Nyie kisingizio chenu ni kipi?

---

#16 Kisiki cha Uru

Mtwana, ahsante sana kwa swali hilo, umenipa nguvu. Ngoja niwape takwimu zilizonishtua.

Sensa ya 2012 mkoa wa Kilimanjaro ulikuwa na watu 1,640,087. Sensa ya 2022, watu 1,861,934. Ongezeko la asilimia 1.3 hivi kwa mwaka, wakati nchi nzima ni asilimia 3.2. Tuko miongoni mwa mikoa inayoongezeka polepole kabisa. Vijana wetu wanahama na kuzaa mjini, mnawahesabu Dar, huko Temeke na Kinondoni.

Kwa hiyo mtu asiniambie watu wamejaa mteremkoni ndiyo maana tunajenga. Waliojaa ni nyumba. Zipo shule za msingi zilizokuwa na mikondo miwili sasa darasa lina watoto kumi na nane, na nje ya uzio wa shule ghorofa linapanda.

Ndiyo maana uzi nimeuita nyumba za Desemba. Yule mzee wa Mabogini anayeuza kiwanja kwa mtu atakayelala humo kesho, namwelewa. Mji lazima ukue. Mimi na wewe Slabu tunakata chakula ili tupate mahali pa kulala siku kumi kati ya 365. Na tukiulizana ukweli, si kulala. Ni ile siku ya tarehe 26 watu wakipita kutoka ibada ya pili waone geti.

---

#17 Slabu ya Machame

Mkuu, hilo la geti umeligonga penyewe. Nakiri hadharani: nilijenga vyumba vitano kwa sababu mwenzangu wa jirani alijenga vinne.

Lakini tuje kwenye tiba. Mimi mvua zimeshanyesha, nyumba ipo, siibomoi. Wewe msingi uko wazi. Unafanyaje?

---

#18 Fundi Bikoni

Naweza kudakia? Kuna familia moja Kibosho niliwapimia. Ndugu watano, wote wako mbali. Walikubaliana wasigawane kihamba kwa kamba. Pale palipokuwa nyumba ya zamani ya mzee, hapo hapo, juu ya msingi ule ule, wakainua ghorofa moja. Kila mtu ana chumba chake na ufunguo wake, sebule moja, jiko moja. Kihamba chote kilichobaki kikabaki kihamba, analima aliyepo. Hawakukata mgomba hata mmoja isipokuwa mitatu ya kupitishia mchanga.

---

#19 Bati la Msauzi

Jiko moja, wake watano, mkesha wa Krismasi. Fundi, hao uliwapimia mwaka gani na je, bado wanaongea?

---

#20 Fundi Bikoni

😂 Wanaongea. Waliweka jiko la pili nje mwaka uliofuata.

---

#21 Jembe Halimtupi

Nami niongeze la kilimo, ni ofisa ugani mstaafu. Nyumba haili eneo la nyumba tu. Ukijenga kwenye kihamba kidogo, cha kwanza kuondoka si mgomba, ni ng'ombe. Banda linanuka, mgeni wa mjini hataki. Ng'ombe akiondoka samadi inaondoka. Samadi ikiondoka, migomba ile uliyoibakiza kwa ajili ya picha inaanza kutoa mikungu ya kiganja kimoja, fukusi anaingia kwenye kitako, upepo kidogo inalala. Halafu mwenye nyumba anasema mnaona, ardhi imechoka, afadhali tujenge na pale.

Vivyo hivyo ukikata mringaringa kwa kuogopa itaangukia bati, kahawa ya chini inaungua na jua. Nimeona kahawa chotara za TaCRI, taasisi ya utafiti wa kahawa, zisizougua chulebuni, zinakufa kwa jua tu kwa sababu kivuli kilikwenda kwenye mbao za dari.

Kisiki, hesabu yako ya visiki 47 inaingia akilini. Nafasi ya mita tatu kwa tatu, mita za mraba 400 hukaa mgomba 44. Kila shina likitunzwa linakupa mkungu kwa mwaka, wakati mwingine zaidi. Sema mikungu 44. Hiyo ni karibu mkungu mmoja kila wiki, mwaka mzima, ndiyo kipimo cha kaya ndogo. Umefukia sufuria la mama yako, kwa vipimo halisi.

---

#22 Desemba Ni Yangu

Mstaafu umeniogopesha kidogo. Mimi nilikuwa naanza msingi mwezi wa nane, Marangu. Migomba niikwepe vipi?

---

#23 Jembe Halimtupi

Mwanangu, nenda kwanza mwezi wa nane wenyewe, usitume hela kwenye simu. Kaa wiki moja. Angalia maji ya mfongo yanapita wapi kabla hujachimba shimo la choo, maana nimeona choo kimechimbwa hatua nne juu ya mfereji ambao jirani wa chini anachota. Jenga palipo na nyumba ya zamani au palipo na mawe. Gari liache barabarani, tembea. Na uwanja usiusakafie wote, maji ya paa yaelekeze kwenye migomba.

---

#24 Slabu ya Machame

Uwanja mimi nilishasakafia. Wiki ijayo nampigia fundi ang'oe vile vitofali upande wa chini, mita kumi kwa nane. Mama nimempigia jioni hii nikamwambia apande anachotaka. Amenyamaza kidogo, akaniuliza, "Umefukuzwa kazi?"

---

#25 Bati la Msauzi

😂😂😂😂 nimemwaga chai

---

#26 Nshomile 77

Kisiki bado hujajibu. Msingi?

---

#27 Kisiki cha Uru

Samahani wakuu, nilikuwa hospitali na mama, POP ya mguu imetolewa leo.

Tulikaa kikao jumapili, ndugu watatu na dada wawili, mama akiwa kitini mguu juu ya stuli. Nilileta wazo la Fundi, nyumba moja juu ya msingi wa baba. Kaka mkubwa kakataa, anasema yeye ni kifungua mimba, hawezi kuwa mpangaji kwa mdogo wake, maana nyumba ya baba kwa mila ni ya kitinda mimba. Kitinda mimba yeye yuko Mwanza, kasema kwenye simu anakubali chochote mradi asichangie. La dada mkubwa nililisema mimi mwenyewe: fungu langu lote alime yeye, na tuandikishiane mbele ya wazee. Mjomba akaanza kukohoa. Dada akasema hataki maneno ya kikao, anataka karatasi. Kikao kingine ni mwisho wa mwezi.

Kuhusu msingi sikuwa na la kuamua. Nilikwenda kuuangalia tena kabla sijashuka, nikakuta mitaro yote mitatu ya upande wa chini ina majani makubwa ya kijani yamechomoza. Masika ilijaza maji humo, mama alituma watoto wa jirani wakapanda magimbi tangu mwezi wa tatu, kabla hajavunjika. Hakuniambia. Nilipomuuliza akasema mtaro ulikuwa umeshachimbwa vizuri, angeuacha wa nini.

---

#28 Mama Kiburu

Magimbi gani hayo, yale meupe au yale ya zamani yenye shina jekundu? Mekundu kwetu yalipotea, natafuta mbegu.

---

#29 Kisiki cha Uru

Shina jekundu. Nitamwuliza mama, ila dada yuko huko huko, pita tu alhamisi baada ya zamu yako ya maji.